RIP au CLIP: uchague ipi ili kujua protini imeshika wapi kwenye mRNA?

Chukua Nova, protini ya seli za neva. Ikishika mRNA changa (nakala ya jeni iliyotoka tu kwenye DNA) ndani ya eksoni, yaani kipande cha kubakizwa, au kwenye introni, yaani kipande cha kukatwa, iliyoitangulia eksoni hiyo, mara nyingi eksoni huachwa nje wakati mRNA inapoungwa. Ikishika introni inayofuata baada ya eksoni, mara nyingi eksoni huingizwa. Protini ni ileile. Herufi inazotafuta ni zilezile: YCAY, ambapo Y ni C au U. Kilichobadilika ni mahali iliposhika, na umbali kati ya mahali hapo pawili huweza kuwa herufi mia chache tu kwenye mRNA changa yenye maelfu kwa maelfu ya herufi.

Naanza na Nova kwa sababu kila mwenzangu anayeniuliza atumie RIP au CLIP, njia mbili za kuvuta protini kutoka kwenye seli pamoja na RNA iliyoishika, ninamrudishia swali moja kabla ya kumjibu: unataka kujua mRNA ipi imeshikwa, au imeshikwa wapi? Maswali haya yanakaribiana sana, lakini la kwanza hujibiwa kwa siku chache na la pili hula wiki kadhaa, seli nyingi na uvumilivu mwingi. Anayeyachanganya hugundua kosa lake data ikiwa tayari mkononi, na hapo hakuna programu ya kompyuta inayoweza kumpa habari ambayo jaribio lake halikuikusanya.

Mahali ndipo penye habari

mRNA haitoki kwenye DNA ikiwa tayari. Mwanzo wake huvishwa kofia, introni hukatwa, eksoni huungwa, kisha mwisho wake hukatwa na kuongezewa mkia wa A nyingi. Kila hatua ina protini zake, na kila protini ina kiti chake. Kofia hukaliwa na jozi ya CBP20 na CBP80. Mwishoni mwa introni, SF1 hushika nukta ya tawi (herufi ambayo introni hujifunga nayo inapokatwa), U2AF2 hushika mfululizo wa U na C unaofuata, na U2AF1 hushika AG ya mwisho kabisa. Zote tatu zimebanana ndani ya makumi machache ya herufi. Upande wa mkia, alama ya AAUAAA hushikwa na CPSF30 pamoja na WDR33, kwa kawaida herufi 10 hadi 30 kabla ya pale panapokatwa, na ng'ambo ya mkato CstF64 hushika eneo lenye G na U nyingi. Mkia ukianza kurefuka, PABPN1 huukalia. Eksoni zikishaungwa, kundi la protini liitwalo EJC huachwa takriban herufi 20 hadi 24 kabla ya kiungo, bila kujali herufi zilizopo, kwa sababu eIF4A3 iliyo ndani ya kundi hilo hung'ang'ania uti wa mgongo wa RNA wala si herufi zake.

Sasa sema umeivuta U2AF2 kutoka kwenye seli na kupata orodha ya mRNA zote zilizokuja nayo. Karibu kila mRNA yenye introni itakuwemo. Orodha hiyo ni ya kweli, lakini haikuambii chochote kuhusu ile eksoni moja unayoifuatilia.

Kuna wanaosema: kama tunazijua herufi ambazo protini inazipenda, si tuzitafute tu kwenye kompyuta? Hapa hesabu ndogo inatosha. Vikunjo vingi vya protini vinavyoshika RNA, kama RRM na KH, hushika herufi chache mno, mara nyingi karibu 4. Mfuatano maalumu wa herufi 4 hujitokeza kwa bahati tu mara moja katika kila herufi 256. Introni ya herufi 5,000 itakuwa nao mara 20 hivi bila protini yoyote kuuhitaji. Katika mahali hapo ishirini, seli hutumia pachache, kutegemea majirani, mikunjo ya RNA yenyewe, na protini nyingine zinazogombania nafasi. Ndiyo maana tunalazimika kwenda kuiuliza seli.

RIP: kuvuta kwa upole

RIP ni rahisi kueleza. Unapasua seli kwa sabuni laini, unaweka kingamwili inayoitambua protini yako, unaivuta kwa shanga za sumaku, unaosha, kisha unatoa RNA iliyokuja nayo na kuipima. Kundi la Jack Keene lilionyesha mwaka 2000 kwamba njia hii inaweza kutoa orodha nzima ya mRNA zinazoandamana na protini moja, na hilo lilifungua macho ya wengi: protini moja huweza kuchunga mRNA za jeni nyingi kwa pamoja.

Nguvu ya RIP iko kwenye upole wake. Hakuna mionzi, hakuna jeli, hakuna vipande vidogo vya kuunganishia ncha. Seli chache zinatosha. mRNA hutoka nzima au karibu nzima, kwa hiyo unaweza kupima ni sehemu gani ya mRNA zote za jeni fulani imeandamana na protini, jambo ambalo CLIP hulifanya kwa shida. Na kwa kuwa kundi zima la protini huvutwa pamoja, hata protini isiyoigusa RNA yenyewe, bali inaigusa kupitia nyingine, itakuletea jibu. Kama unachochunguza ni kundi kubwa la protini, hiyo ni faida. Kama unachochunguza ni mguso wa moja kwa moja, ni hasara.

Lakini udhaifu mkubwa wa RIP unaanza pale seli inapopasuka. Ndani ya seli hai, mRNA changa iko kwenye kiini na protini nyingi ziko kwenye sitoplazimu, ukuta unazitenga. Ukipasua, ukuta umeondoka. Kila kitu kinaelea pamoja, na protini iliyozoea kushika mfululizo wenye A na U nyingi itashika wowote wa aina hiyo itakaokutana nao kwenye mirija yako. Stavroula Mili na Joan Steitz walilionyesha hili waziwazi mwaka 2004 kwa protini HuR na mRNA ya c-fos: mshikamano uliopimwa kwenye mchanganyiko wa seli zilizopasuliwa unaweza kuwa umezaliwa baada ya kupasua, wala haukuwapo ndani ya seli. Kwa mtu anayechunguza uchakataji, yaani hatua zile za kuitengeneza mRNA changa, hatari hii ni kubwa kuliko kwa mwingine yeyote, kwa sababu hoja yake yote inasimama juu ya nani alikuwa kwenye kiini pamoja na nani.

Wengine hujaribu kuziba tundu hilo kwa fomaldehaidi kabla ya kupasua. Inasaidia kuzuia mishikamano mipya, ila fomaldehaidi hufunga pia protini kwa protini, kwa hiyo swali la nani anagusa RNA mwenyewe na nani ameletwa na jirani linabaki palepale.

Bado naitumia RIP. Naitumia pale ninapokuwa na dhana mahususi: mRNA tatu au nne, protini moja, na ninataka kujua kama seli zikibadilishwa hali, mshikamano unapanda au unashuka. Kwa kazi hiyo inatosha na haina gharama ya bure. Ila nikiitumia, huweka kando jaribio la kuchanganya: seli zenye protini iliyobandikwa alama lakini hazina mRNA ile, na seli zenye mRNA lakini hazina alama, zote zikapasuliwa pamoja. mRNA ikivutwa humo, najua imeshikwa ndani ya mrija.

CLIP: kufunga fundo kwanza, kisha kuvuta

CLIP inageuza mpangilio. Kabla ya kupasua, seli hai hulazwa juu ya barafu na kumulikwa kwa mwanga wa urujuanimno wa nanomita 254. Mwanga huo hufunga fundo la kikemia kati ya protini na RNA pale tu zinapogusana kabisa. Protini kwa protini haizifungi kwa kiasi cha kutusumbua. Fundo likishafungwa, unaweza kuwa mkali: chumvi nyingi, sabuni kali, kuosha tena na tena. Mishikamano iliyozaliwa baada ya kupasua hung'oka, na fundo linabaki kama chanda na pete.

Kisha RNA hukatwakatwa kwa kimeng'enya hadi kibaki kipande kifupi kilichofungwa kwenye protini. Mchanganyiko hupitishwa kwenye jeli, inayoutenganisha kwa uzito, na kuhamishiwa kwenye utando wa nitroselulosi. RNA huru haing'ang'anii utando huo, protini hung'ang'ania, kwa hiyo RNA inayobaki ni ile iliyofungwa. Unaikata sehemu inayotakiwa, unaiyeyusha protini kwa proteinezi K, na kinachobaki ni RNA yenye kijisehemu cha protini kimenata pale pale ilipokuwa imeshikwa. Weka akilini kijisehemu hicho, tutakirudia.

Jernej Ule, Robert Darnell na wenzao waliichapisha njia hii mwaka 2003, wakitumia ubongo wa panya na protini yetu ileile, Nova. Walisoma vipande 340. Vichache, lakini vilitosha kuonyesha kwamba Nova inashughulika na mRNA za protini zinazofanya kazi kwenye makutano ya neva. Mwaka 2008 kundi hilohilo liliunganisha CLIP na mashine mpya za kusoma mfuatano, likaiita HITS-CLIP, na ramani iliyotoka ndiyo iliyothibitisha kwa upana kanuni niliyoanza nayo: mahali pa kushika hubashiri kama eksoni itaingia au itatoka. Hakuna orodha ya RIP ambayo ingeweza kuchora ramani hiyo.

Bei yake? Mwanga wa nanomita 254 hufunga sehemu ndogo tu ya mishikamano iliyopo, mara nyingi asilimia 1 hadi 5. Ndiyo maana CLIP inadai seli nyingi. Nakubaliana na wahenga: heri kenda shika kuliko kumi nenda rudi. Lakini kenda hizo hazikuchaguliwa kwa haki. Mwanga huo huipenda U kuliko herufi nyingine, na haufanyi vizuri kwenye RNA iliyojikunja ikawa na nyuzi mbili. Protini inayoshika RNA yenye nyuzi mbili inaweza kuonekana dhaifu kwenye CLIP ilhali ndani ya seli haibanduki. Na protini inayoshika uti wa mgongo, kama eIF4A3, hukuletea ramani ambayo usipoitazama kwa makini utadhani inapenda herufi fulani.

Jeli inayosema kweli kabla ya mashine kusoma

Ukinibana nikutajie hatua moja isiyorukwa, nitakutajia picha ya jeli. Kwenye CLIP ya asili, RNA hubandikwa fosforasi-32 yenye mnururisho, na kwenye filamu unaona RNA iliyofungwa na protini tu.

Weka njia nne za jeli sambamba, kila moja na sampuli yake. Ya kwanza, seli hazikumulikwa: inapaswa kuwa tupu. Kama kuna weusi hapo, unachokiona si fundo la mwanga. Ya pili, kingamwili isiyohusika: nayo tupu. Ya tatu, seli zimemulikwa na kimeng'enya cha kukata RNA kimewekwa kingi: RNA imebaki vipande vifupi mno, kwa hiyo utaona mstari mmoja mwembamba juu kidogo tu ya uzito wa protini yenyewe. Ya nne, kimeng'enya kidogo: vipande ni vya urefu tofauti, kwa hiyo mstari unayeyuka na kuwa wingu linalopanda juu. Kipande cha herufi 70 huongeza takriban kilodaltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 20 na kitu, ndiyo sababu tunakata utando juu ya protini wala si palepale ilipo.

Njia ya tatu ndiyo ninayoitazama muda mrefu zaidi. Niliwahi kuona humo mistari miwili badala ya mmoja: mmoja mahali pa protini yetu, mwingine juu yake kilodaltoni kama 15. Kingamwili ilikuwa nzuri, ila protini ya pili, nayo yenye kushika RNA, ilikuwa inavutwa pamoja na ya kwanza hata baada ya kuosha kwa chumvi. Tungekata wingu la njia ya nne bila kuitazama ya tatu, nusu ya ramani yetu ingekuwa ya protini nyingine, na hakuna hesabu ambayo ingetuonyesha hilo baadaye. Tuliongeza ukali wa sabuni, mstari wa pili ukaondoka, ndipo tukaendelea.

Ndugu za CLIP, wakiwekwa sambamba

Sasa turudi kwenye kijisehemu cha protini kilichonata kwenye RNA. Kimeng'enya kinachonakili RNA kuwa DNA kinapofika hapo hukwama mara nyingi. Kwenye HITS-CLIP, nakala lazima ifike mwisho ili iwe na ncha zote mbili za kusomwa, kwa hiyo nakala zilizokwama hupotea. Na zilizokwama ndizo nyingi: kwa makadirio yanayotajwa sana, zaidi ya asilimia 80.

iCLIP, iliyotolewa mwaka 2010 na Julian König, Ule na wenzao, iliona utajiri katika hasara hiyo. Nakala iliyokwama hufungwa duara, na hivyo ncha ya pili hupatikana pale pale iliposimama. Tazama kwa karibu. Sema RNA ni GAGUUUUUCAG na protini imefungwa kwenye U ya tatu. Kimeng'enya kinatoka upande wa kulia, kinanakili G, A, C, kisha U ya tano na ya nne, halafu kinagonga fundo na kusimama. Kwa hiyo herufi moja kabla ya mwanzo wa kipande kilichosomwa ndiyo herufi iliyofungwa. Kutoka eneo la herufi thelathini au hamsini, tumefika kwenye herufi moja. Aidha, kila nakala huwekewa alama ya nasibu kabla ya kuzidishwa kwa PCR, ili nakala mia za kipande kimoja zisihesabiwe kama vipande mia.

Usahihi huo una maana gani kwa uchakataji? Mfano bora ninaoujua ni hnRNP C, protini iliyotumika kuizindua iCLIP. Inapenda mfululizo wa U. Jenomu ya binadamu imejaa vipande vya kujirudia viitwavyo Alu, na kikikaa kinyume ndani ya introni, kipande hicho hubeba mfululizo mrefu wa U unaofanana mno na kile kiti cha U2AF2 mwishoni mwa introni. Mwaka 2013 Kathi Zarnack na wenzake walionyesha kwamba hnRNP C hukalia U hizo na kuinyima U2AF2 nafasi. Ukiipunguza hnRNP C kwenye seli, U2AF2 inaingia, na vipande vya Alu vinaanza kuungwa kama eksoni ndani ya mRNA ambazo hazikupaswa kuwa navyo. Protini mbili, kiti kimoja, herufi zilezile. Njia isiyotenganisha umbali wa herufi chache isingeona ugomvi huo.

PAR-CLIP, ya maabara ya Thomas Tuschl, nayo ya mwaka 2010, ilichukua njia nyingine. Seli hulishwa 4-thiouridini, ambayo huingizwa kwenye RNA badala ya baadhi ya U, kisha humulikwa kwa nanomita 365, mwanga mpole zaidi. Fundo hufungwa kwa urahisi zaidi, na linaacha saini: mahali palipofungwa, T husomwa kuwa C. Ukiona T nyingi zimegeuka C mahali pamoja, umepata mguso, na kelele za vipande vilivyojiingiza zinapungua sana. Ninaipenda saini hiyo. Lakini seli lazima ziwe hai na ziweze kula kemikali hiyo, kwa hiyo kipande cha tishu kilichohifadhiwa hakikubali. Kemikali ikizidi, seli hupata msukosuko ambao wenyewe hubadilisha uchakataji. Na protini inayoshika mahali pasipo na U karibu haitaonekana. Kwa seli zinazokuzwa kwenye sahani ni chaguo zuri. Kwa ubongo au misuli, rudi kwenye nanomita 254.

eCLIP ilitoka mwaka 2016, kazi ya Eric Van Nostrand, Gene Yeo na wenzao. Waliboresha uunganishaji wa ncha hivi kwamba mahitaji ya kuzidisha kwa PCR yalishuka kwa takriban mara 1,000, na hivyo nakala za kujirudia zikapungua mno. Jambo la pili, na kwangu ndilo kubwa, ni kipimo cha kulinganishia: sehemu ya mchanganyiko wa seli kabla ya kuvuta hupitishwa kwenye jeli ileile na kukatwa kwa uzito uleule. Hivyo unajua ni RNA zipi zingejitokeza hapo hata bila kingamwili yako, na mRNA iliyo nyingi mno haikudanganyi kwamba imeshikwa sana. Kinachopotea ni picha ya mnururisho, ambayo kwa kawaida eCLIP haipigi. Ile njia ya tatu ya jeli niliyoisifu haipo. Anayefanya eCLIP kwa protini mpya angefanya vyema kupiga picha hiyo angalau mara moja mwanzoni.

Kabla hujaagiza chochote, kuna jambo lisilogharimu senti: mradi wa ENCODE ulichapisha mwaka 2020 majaribio 223 ya eCLIP kwa protini 150, kwenye seli za K562 na HepG2 (seli za saratani ya damu na ya ini zinazokuzwa maabara), na data ni wazi kwa kila mtu. Nimeona watu wakipanga miezi ya kazi kwa protini ambayo ramani yake iko pale. Ikiwa seli zako ni za aina nyingine kabisa, ramani hiyo haitakutosha, lakini itakuonyesha herufi za kutarajia na kama kingamwili iliyotumika inafanya kazi.

Ukiwa na seli chache, au swali likiwa limegeuka

Wakati mwingine huna kingamwili nzuri wala seli za kutosha. Hapo kuna TRIBE ya mwaka 2016 na STAMP ya mwaka 2021, ambazo hubandika kwenye protini kimeng'enya kinachohariri RNA. Popote protini inapokaa, kimeng'enya huacha alama: kwenye TRIBE, A hugeuka inosini na kusomwa G, kwenye STAMP, C hugeuka U. Huhitaji kuvuta chochote, unasoma RNA tu, na STAMP imefika hadi kwenye seli mojamoja. Alama hukaa jirani na mahali pa kushika, si juu yake, kwa hiyo mambo ya herufi chache usiyatafute humu. Tena unachochunguza ni protini iliyobandikwa kitu na mara nyingi kuzalishwa kupita kiasi, ambayo huenda isikae pale protini ya kawaida inapokaa.

Na kama swali lako limegeuka, yaani unayo RNA na unatafuta protini? Mwaka 2012 makundi mawili, moja la Matthias Hentze na lingine la Markus Landthaler, yalifunga seli kwa mwanga kisha yakavuta mRNA zote kwa mkia wake wa A, na kila moja likapata protini kama 800. Nyingi kati yake hazikuwa zimewahi kufikiriwa kuwa zinashika RNA. Lakini angalia mtego: kinachovutwa ni kilicho na mkia. mRNA changa ambayo bado inanakiliwa na kukatwa introni haina mkia, kwa hiyo protini zinazoshughulika na hatua za mwanzo huonekana hafifu. Njia za mwaka 2019, OOPS na XRNAX, hukwepa hilo kwa kutenganisha kwa fenoli, ambapo RNA iliyofungwa na protini hukwama kwenye mpaka wa tabaka mbili za kimiminika, iwe na mkia au isiwe nao.

Mwisho kuna majaribio ya nje ya seli, na hayo siyapiti kwa dharau. EMSA ni ya zamani na bado haina mpinzani kwa swali la nguvu. Unachanganya RNA fupi iliyobandikwa alama na kiasi kinachoongezeka cha protini safi, unapitisha kwenye jeli isiyovunja mishikamano, na unatazama mstari wa RNA huru ukififia huku mwingine, uliochelewa, ukikolea juu yake. Kiasi cha protini ambapo nusu ya RNA imepanda ndicho kipimo cha nguvu ya kushika, mradi RNA yenyewe iwe kidogo sana kuliko kipimo hicho. Si RIP wala CLIP inayoweza kukupa tarakimu hiyo. Ila haitakuambia kama protini na RNA hizo huwahi kukutana ndani ya seli.

Mimi ningechaguaje

Kama swali lako ni la uchakataji, na protini yako hushika RNA yenyewe, anza na CLIP. Kama una seli za kukuza na unataka usahihi wa herufi moja, iCLIP. Kama unataka kulinganisha protini kadhaa kwa kipimo kimoja, au kulinganisha na data ya ENCODE, eCLIP. PAR-CLIP naiweka mbele tu pale mwanga wa nanomita 254 umeshindwa kufunga protini yako na seli zinakula 4-thiouridini bila kudhoofika. HITS-CLIP ya asili siioni sababu ya kuianza leo, isipokuwa unaendeleza data ya zamani na unahitaji ulinganifu.

Kama protini haigusi RNA moja kwa moja, CLIP itakurudishia utando mtupu, na hapo RIP ndiyo sahihi. Vilevile kama unachotaka ni kiasi: ni sehemu gani ya mRNA fulani imeandamana na protini kabla na baada ya kichocheo. Seli zikiwa mia chache, au ukitaka kuzitenganisha moja baada ya nyingine, STAMP.

Na njia yoyote utakayoichagua, panga marudio mawili ya kibiolojia angalau, yaani seli zilizokuzwa tofauti kwa siku tofauti, si mrija mmoja uliogawanywa. Amini mahali panapojitokeza kwenye yote mawili.

Kisha kuna kazi moja ambayo hakuna njia kati ya hizi inayoifanya. Zote zinakuonyesha protini imekaa wapi. Kama kukaa kwake kunabadilisha chochote ni jambo lingine, na protini nyingi hukaa mahali pengi bila athari inayoonekana. Ukipata kundi la YCAY lenye vipande vingi karibu na eksoni yako, kata eksoni hiyo pamoja na introni zake za pembeni, uiweke kwenye plazimidi (kiduara cha DNA kinachoingizwa kwenye seli), ubadilishe C ya katikati iwe A katika kila YCAY, kisha uziweke plazimidi mbili, ya asili na iliyobadilishwa, kwenye seli zenye Nova na zisizo na Nova. Pima ni mRNA ngapi zimebeba eksoni. Kama ya asili inaitikia Nova na iliyobadilishwa haiitikii, hapo umepata kiti na umepata aliyekikalia.